Charles Kettering na Stata ya Motokaa

Kila asubuhi dereva wa basi la shule yetu huketi kwenye kiti chake, hugeuza ufunguo, na mara injini hunguruma. Hakuna anayeshangaa. Walakini yuko mtu aliyetaabika usiku na mchana ili jambo hilo liwe jepesi kama tunavyoliona leo. Mtu huyo ni Charles Franklin Kettering, Mmarekani, aliyefariki dunia mwaka wa 1958. Nimeamua kuandika habari za maisha yake kwa sababu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe, na ni haki nianze kwa kulikiri.

Muhula uliopita tulikuwa tukirudi kutoka Kabale katika mashindano ya mpira. Basi lilipanda mlima mrefu, kisha dereva akasimama kwenye duka ili watu wanunue maji. Baada ya robo saa akageuza ufunguo. Stata ikalia tik, mara moja tu, ikanyamaza. Tukakaa hapo hadi jua likapungua ukali. Ndipo dereva alipojaribu tena, na injini ikawaka kana kwamba haikuwa na neno. Kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa Chama cha Ufundi, niliulizwa shauri. Nikajibu kwa kujiamini kwamba stata imekufa na inapasa kubadilishwa. Fedha ambazo chama chetu kilikuwa kimeweka akiba kwa ajili ya kununua vyombo vya kazi zikatumika kununua stata nyingine iliyokwisha kutumika. Siku ya tatu, katika mlima ule ule, ikalia tik kama ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipoona haya, nikaanza kusoma habari za stata tangu mwanzo wake. Na mwanzo wake ni Kettering.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1876, shambani karibu na mji mdogo wa Loudonville, katika jimbo la Ohio. Wazazi wake, Jacob na Martha, walikuwa wakulima. Tangu utoto macho yake yalikuwa dhaifu, na akisoma kwa muda mrefu kichwa kilimwuma sana. Hata hivyo alipenda masomo. Alipomaliza shule alifundisha watoto wa vijijini kwa muda, kisha akaingia chuo kikuu cha jimbo lake ili ajifunze habari za umeme. Macho yakamshinda, ikambidi aondoke. Wengine wangekata tamaa, lakini yeye alikwenda kufanya kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo za simu na kutandaza nyaya, mpaka akawa msimamizi wa kikosi. Nguvu zilipomrudia alirejea chuoni, na wenzake wakamsaidia kwa kumsomea vitabu kwa sauti. Alipata shahada yake mwaka wa 1904, akiwa karibu kutimiza miaka 28. Basi wale kati yetu wanaoona aibu kuwa wakubwa darasani na wamkumbuke mtu huyu.

Mwaka ule ule alipata kazi katika mji wa Dayton, katika kampuni kubwa iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilikuwa na mpini, na kila mteja alipolipa, ilimbidi mwuza duka auzungushe kwa mkono. Kettering alipewa kazi ya kuifanya mashine hiyo iende kwa umeme. Hapo akakutana na neno ambalo lingemfaa baadaye. Mota ya umeme ikifanya kazi mfululizo kutwa nzima, ni lazima iwe kubwa, la sivyo itapata moto na kuungua. Lakini mota ya mashine ya dukani hufanya kazi kwa kitambo kidogo tu, kisha hupumzika na kupoa hadi mteja mwingine aje. Kwa sababu hiyo mota ndogo yaweza kupewa mzigo mkubwa kuliko kimo chake, mradi isiachwe ikaubeba kwa muda mrefu. Mwaka wa 1906 mashine ya umeme ilikuwa tayari.

Katika mji huo alikuwako rafiki yake, Edward Deeds, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ile. Wawili hawa walianza kufanya kazi yao wenyewe usiku, katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya Deeds. Vijana wengine wa kampuni wakajiunga nao baada ya saa za kazi. Kwanza walitengeneza mtambo bora wa kuwasha cheche za injini, na mwaka wa 1909 kampuni ya motokaa za Cadillac ikaagiza mitambo 8,000. Ndipo walipoanzisha kampuni iliyojulikana kwa jina la Delco.

Katika siku zile kuwasha motokaa kulikuwa kazi ya mabavu na ya hatari. Ilimpasa dereva asimame mbele ya gari, achomeke hendeli, na kuizungusha kwa nguvu zake zote. Mara nyingine injini ilipiga kinyume, hendeli ikarudi kwa ghafula na kuvunja kifundo cha mkono au taya la mtu. Wazee hawakuweza kazi hiyo, na wanawake wengi pia waliona kwamba motokaa si chombo chao. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alichukizwa sana na ajali hizo, akataka ipatikane njia nyingine. Kettering akaahidi kwamba njia hiyo ataipata.

Wataalamu wengi walisema jambo hilo haliwezekani. Walipiga hesabu wakaona kwamba mota yenye nguvu ya kuzungusha injini itakuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe, na betri yake itajaza gari zima. Hesabu yao haikuwa na kosa, lakini ilikuwa hesabu ya mota inayofanya kazi mfululizo. Kettering alikumbuka mashine ya dukani. Stata haina haja ya kuzunguka kutwa. Yatosha izunguke sekunde chache tu, injini ishike moto, kisha ipumzike. Alichukua mota ndogo, akaifungia gia ili nguvu zake zizidi, akaipa umeme mwingi kwa kitambo. Tena akaitengeneza hivi kwamba injini ikisha kuwaka, mota ile ile igeuke kuwa dainamo ya kuijaza betri na kuwasha taa.

Kijana mwenzangu, zingatia neno hili, kwa maana ndilo kiini cha habari yote. Stata ilipatikana kwa sababu mtu mmoja alitambua kwamba adui wa mota ni joto, na kwamba joto huhitaji muda ili likusanyike. Umeme ukipita katika waya huutia joto, na umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Stata ya motokaa ndogo hula ampea 100 hadi 200, pengine zaidi. Kwa sekunde chache haidhuriki. Ikizungushwa bila kupumzishwa, itaungua. Ndiyo sababu mafundi hutukataza kushikilia ufunguo zaidi ya sekunde kumi au kumi na tano, na hutuamuru tungoje kidogo kabla ya kujaribu tena.

Mwezi wa Februari, 1911, motokaa ya majaribio ilikuwa tayari, na Leland akairidhia. Stata ikatolewa kwa watu katika motokaa za Cadillac za mwaka wa 1912. Mwaka wa 1913 kampuni hiyo ilipewa nchini Uingereza kikombe cha heshima kiitwacho Dewar, kwa sababu ya mtambo wa kuwasha injini na taa kwa umeme. Baada ya miaka michache makampuni mengine yakafuata, na hendeli ikabaki kuwa chombo cha akiba. Mama na mzee wakaweza kuendesha gari kama kijana mwenye misuli.

Mwaka wa 1920 Kettering alifanywa mkuu wa idara ya utafiti ya General Motors, na kazi hiyo aliishika mpaka mwaka wa 1947. Lakini asidhani mtu kwamba maisha yake yote yalikuwa ushindi. Joto, lile alilolishinda katika stata, lilimrudia kwa njia mbili nyingine.

Njia ya kwanza ilikuwa injini isiyotumia maji. Kettering alitaka kuondoa rejeta, akazungushia silinda mapezi ya shaba ili upepo uzipoze. Katika chumba cha majaribio injini hiyo ilionekana nzuri. Mwaka wa 1923 zilitengenezwa motokaa 759 za Chevrolet za namna hiyo. Zilipokwenda barabarani, jua likiwa kali, injini zilipata moto, zikagonga na kupoteza nguvu. Kampuni ikaamua kuzirudisha zote. Kettering alihuzunika hata akaandika barua ya kutaka kuacha kazi. Mkuu wake, Alfred Sloan, alikataa kumwachia, naye akaendelea.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Injini za siku zile zilikuwa na ugonjwa wa kugonga zilipopewa mzigo, na watu wengi waliulaumu mtambo wa cheche wa Kettering. Yeye hakubishana nao kwa maneno. Kuanzia mwaka wa 1916 yeye na kijana mmoja, Thomas Midgley, waliichunguza injini ili waone moto unavyowaka ndani ya silinda. Wakagundua kwamba kosa halikuwa la cheche, bali la mafuta yenyewe, yaliyoripuka kabla ya wakati wake kwa ajili ya joto na mgandamizo. Walijaribu dawa nyingi sana. Mwezi wa Desemba, 1921, Midgley akaona kwamba dawa yenye madini ya risasi, ikitiwa kidogo tu katika petroli, hunyamazisha kugonga kabisa.

Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1923. Lakini risasi ni sumu, na jambo hilo lilikuwa limejulikana tangu zamani. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo. Mwaka wa 1924 wafanyakazi kadhaa katika viwanda vilivyotengeneza dawa hiyo walirukwa na akili, na wengine wakafa. Madaktari walionya kwamba moshi wa magari utaisambaza risasi mijini. Kettering, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya dawa hiyo, aliendelea kuitetea, na biashara ikaendelea. Ikatumika duniani kote kwa miaka mingi, ikidhuru zaidi akili za watoto waliokua karibu na barabara. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka wa 2021.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu yule yule aliyekuwa na subira ya kutazama ndani ya silinda hakuwa na subira ya namna hiyo kutazama ndani ya mapafu na damu ya watu. Alipima ugonjwa wa injini vizuri, akapata dawa yake, lakini dawa yenyewe haikupimwa ilivyopasa. Siandiki haya ili nimvunjie heshima marehemu. Mkono wake umeokoa mikono mingi isivunjwe na hendeli, na mwaka wa 1945 yeye na Sloan walianzisha huko New York taasisi ya kutafuta dawa za kansa, ambayo majina yao bado yanatajwa hapo. Mwaka uliofuata mkewe, Olive, alifariki kwa ugonjwa huo huo. Lakini maisha ya mtu mkubwa yakisimuliwa nusu, huwa hayafundishi kitu. Kettering alifariki mjini Dayton mwezi wa Novemba, 1958, akiwa na umri wa miaka 82, akiacha hati za uvumbuzi 186.

Sasa nirudi kwenye basi letu. Baada ya stata ya pili kushindwa, mwalimu wetu wa ufundi alimwita fundi mzee mmoja. Nilitaka kumweleza niliyoyajua, naye akaniambia ninyamaze kwanza nitazame. Hakufungua hata nati moja. Alimwomba dereva azunguke mlimani hadi injini ipate moto, kisha aizime. Tukangoja dakika ishirini. Nikamwuliza kwa nini tungoje, wakati injini inapoa. Akanifundisha jambo ambalo sikulijua: injini ikizimwa, maji huacha kuzunguka na feni huacha kuvuma, lakini chuma cha ekzosi bado kina moto mkali. Moto huo humwagika katika vitu vilivyo karibu nacho, na katika basi letu stata iko chini yake kabisa. Kwa hiyo stata huwa na joto kuliko ilivyokuwa wakati gari likienda.

Waya wa shaba ukipata joto huzidi kuuzuia umeme. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za sentigredi, kizuizi huongezeka kwa karibu thuluthi moja. Stata nzima na nyaya zake nene zikiwa safi, kizuizi hicho huvumilika. Lakini kama kuna kutu au uchafu mahali fulani, vizuizi viwili hukutana, na umeme unaobaki hautoshi kuvuta swichi ya stata ikashika sawasawa. Ndipo husikika tik.

Fundi alitufundisha kuuliza maswali kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza weka gia huru na uvute breki ya mkono. Kisha sikiliza. Kama stata inazungusha injini vema lakini haiwaki, stata haina kosa. Tafuta katika petroli au katika cheche, maana joto huharibu hayo pia. Kama inalia tik tu, washa taa kubwa na ujaribu tena. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au kuna kitu kimekaza. Taa zikibaki na mwanga wake, umeme haufiki katika mota, basi uchunguze viungo vya nyaya na swichi ya stata. Mwisho chukua mita, upime wakati stata ingali ya moto, kwa sababu ikipoa kosa hujificha.

Yeye alipima kati ya ncha hasi ya betri na mwili wa injini, dereva akiwa ameshikilia ufunguo. Mita ikaonyesha zaidi ya volti moja na nusu zinazopotea hapo, na haipasi hata kufika nusu volti. Tuliufungua waya unaounga betri na mwili wa gari. Chini ya bolti palikuwa na kutu na rangi. Tukapasugua hadi chuma kikang'aa, tukaifunga bolti kwa nguvu. Kisha fundi akakata kipande cha bati, akakifunga kati ya ekzosi na stata kuwa ngao ya joto. Kazi yote ilikwisha kwa saa mbili, na bei yake ilikuwa chai ya fundi na kipande cha msasa.

Tangu siku ile basi limepanda mlima ule mara nyingi, nalo huwaka kila lisimamapo. Stata ya kwanza, ile niliyoihukumu kwamba imekufa, iko juu ya meza ya karakana yetu. Tuliifungua na kuipima, na haina ubaya wowote. Mwalimu amekataa isiuzwe. Amesema ibaki pale ili wanachama wapya waione, na kila mwaka mwenyekiti awasimulie jinsi ilivyokuja kulala hapo. Mwaka huu msimulizi ni mimi.

Waswahili husema, haraka haraka haina baraka. Kettering alipopima kwa subira aliwapa watu stata, na aliposahau kupima aliwapa watu sumu. Mimi sikupima kabisa, nikawapotezea wenzangu akiba yao. Chama chetu kimeanza kukusanya fedha upya. Shilingi za kwanza nimezitoa mimi, nazo ni malipo ya kazi niliyoifanya shambani wakati wa likizo. Kitu cha kwanza tutakachonunua ni mita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita